Data ya Kwanza Isiandikwe Juu Yake: Barua ya Wazi kwa Walimu wa Programu za Takwimu

Kwa wakuu wa idara, walimu wa programu za takwimu na wasimamizi wa tasnifu katika vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya.

Waheshimiwa walimu,

Nawaandikia nikiwa mtunza data. Kazi yangu ni kupokea mafaili ya tafiti za kaya, za afya na za kilimo, kuyakagua na kuyahifadhi ili mtu mwingine aweze kuyatumia baada ya mradi kufungwa. Vijana wengi wanaoniletea mafaili hayo wamepita mikononi mwenu, na wamefundwa vizuri. Wanajua kupanga sampuli, wanajua regresheni, na jedwali wanalisoma bila kubabaika. Lakini nikiwauliza, "Data iliyotoka kijijini, kabla hujaigusa, iko wapi?", wengi hunionyesha faili lile lile wanalolifanyia kazi. La kwanza halipo. Lilifunguliwa, likasafishwa, likahifadhiwa juu yake lenyewe, na kilichobaki ni matokeo ya maamuzi ambayo hakuna anayeweza kuyataja tena.

Ninaloliomba ni hili: kabla ya kumfundisha mwanafunzi wastani na mkengeuko, mfundisheni tofauti kati ya kurekebisha faili pale pale lilipo na kutengeneza faili jipya kutokana na la zamani. Leo jambo hili huachwa mwanafunzi alijue mwenyewe njiani, kama vile ni suala la mafundi wa kompyuta. Si lao. Ndilo linaloamua kama utafiti unaweza kukaguliwa au hauwezi.

Nianze na SAS, kwa kuwa ndiyo inayoionyesha tofauti hii waziwazi kuliko programu nyingine. Mtu akitumia amri ya SET, hata kama faili la kutoka amelipa jina lile lile la faili la kuingia, programu hailigusi la zamani wakati inafanya kazi. Inasoma mstari mmoja mmoja na kuandika faili jingine pembeni, lenye jina la muda. Kazi ikiisha salama ndipo la zamani linapoondolewa na jipya kupewa jina lake. Kosa likitokea katikati, taarifa ya kazi husema wazi kwamba faili halikubadilishwa kwa sababu hatua ilisimama. Amri ya MODIFY ni mambo mengine kabisa. Hiyo huingia ndani ya faili lenyewe, inaufikia mstari, inaubadilisha na kuuandika pale pale ulipokuwa. Hakuna faili la pembeni. Umeme ukikatika baada ya mstari wa 40,000 katika faili lenye mistari 100,000, mistari ile ya mwanzo imekwisha kubadilika na 60,000 iliyobaki haijaguswa, na faili lenyewe huenda lisiweze kukuonyesha mpaka ulipo. Sisi tunaofanya kazi mahali ambapo umeme hukatika bila kubisha hodi tungepaswa kuwa wa kwanza kulifundisha jambo hili.

Hata hivyo umeme si hatari kubwa kuliko zote. Hatari kubwa ni programu kuendeshwa mara mbili.

Chukueni utafiti wa kilimo. Wakulima wetu huyataja mashamba kwa eka, ilhali ripoti hutaka hekta. Eka moja ni hekta 0.4047. Mwanafunzi anaandika amri fupi ya kuzidisha kigeu cha eneo kwa 0.4047, kisha anahifadhi juu ya faili lile lile. Shamba la eka 5 linakuwa hekta 2.02, na ni sahihi. Kesho yake anaongeza amri nyingine chini ya ile na, kama tufanyavyo sote, anaiendesha programu nzima tangu juu. Shamba lile sasa limekuwa hekta 0.82. Lingekuwa namba hasi, au namba kubwa ya kutisha, mtu angeshtuka. Lakini hekta 0.82 ni shamba la kawaida kabisa la mkulima mdogo wa Lushoto au Kisii. Hakuna jedwali litakaloonyesha kasoro, wala mchoro utakaokuwa na nukta iliyojitenga. Mavuno kwa hekta yatapanda karibu mara mbili na nusu, na mtu mwenye nia njema ataandika pendekezo la sera juu ya namba hiyo. Akija mtu miaka mitatu baadaye kuuliza kama eneo hilo liligeuzwa mara moja au mara mbili, jibu halitapatikana popote, kwa sababu faili lililokuwa na eka limefutwa na faili lenye hekta.

Programu inayosoma faili la kwanza na kuandika la pili haifanyi kosa hili hata ikiendeshwa mara mia. Kila mara inaanzia kwenye eka zile zile na kufika kwenye hekta zile zile. Na mwanafunzi akifundishwa pia kutoa kigeu kipya, eneo la hekta likakaa kando ya eneo la eka badala ya kulifunika, hata msomaji asiye na programu ataweza kuzilinganisha namba mbili hizo kwa macho. Katika SPSS tofauti hii ipo kwenye menyu yenyewe: unapobadilisha misimbo ya majibu unachagua kama matokeo yaingie katika kigeu kile kile au katika kigeu kingine. Chaguo la kwanza ndilo lililo juu kwenye orodha, na nimeona madarasa yakifundishwa hilo tu kwa sababu linaokoa mbofyo mmoja.

Stata nayo hubeba data yote kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kwa hiyo faili lililo kwenye diski halibadiliki mpaka uagize. Walioitengeneza, tangu mwaka 1985, waliweka vizuizi vya makusudi. Ukitaka kuhifadhi kwa jina ambalo tayari lina faili, inakataa mpaka utamke replace. Ukitaka kufungua data nyingine huku uliyonayo ina mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa, inakataa mpaka utamke clear. Vizuizi hivi vina hekima, lakini tumevigeuza kuwa mazoea ya vidole. Mwanafunzi anaendesha programu yake mara ya pili, inasimama kwa kuwa faili la matokeo lipo, jirani yake anamwambia aongeze replace, na tangu siku hiyo hakuna amri ya kuhifadhi anayoiandika bila neno hilo.

Sina ugomvi na replace. Faili la matokeo ambalo programu inaweza kulitengeneza upya wakati wowote linafaa kuandikwa juu ya lile la jana, na mwanafunzi aliyeelewa hivyo analitumia neno hilo kwa haki. Balaa liko pale linapoelekezwa kwa faili la kuingia. Mtu anafungua data ya nchi nzima, anataka kuchambua mkoa mmoja, anabakiza mistari ya mkoa huo, halafu anaandika save, replace bila hata kutaja jina la faili. Stata inahifadhi kwa jina la faili lililofunguliwa. Tanzania ina mikoa 31, na 30 imetoweka kwa mstari mmoja wa amri, bila onyo, kwa sababu onyo alikwishalizima mwenyewe. Katika SPSS msiba kama huo huja kwa njia ya menyu: unachagua kufuta wahojiwa wasiohitajika badala ya kuwaweka kando kwa muda, kisha unahifadhi.

Wanaohamia R wanahitaji kuonywa zaidi. Ukibadilisha jedwali ndani ya R, faili la diski haliguswi, na hilo humpa mwanafunzi utulivu. Lakini anapoandika jedwali hilo kwa write.csv au saveRDS, R haiulizi lolote. Kama jina lipo, faili la zamani linafunikwa kimyakimya. Aliyezoea kukataliwa na Stata anafika R bila kujua kwamba mlinzi hayupo.

Watengenezaji wa SAS walikutana na jambo hili zamani, na historia yake inafaa kusimuliwa darasani. Mtu aliyesahau nukta-mkato baada ya jina la faili jipya, akaandika data mpya set zamani katika mstari mmoja, hakuwa amesema "tengeneza mpya kutoka zamani." Alikuwa amesema tengeneza mafaili matatu: mpya, set na zamani. La zamani lilifunikwa na faili lisilo na kigeu hata kimoja. Alama moja iliyosahaulika ilitosha kufuta kazi ya miezi. Ndiyo maana SAS ya leo, kwa mpangilio wake wa kawaida, inakataa faili kuitwa SET, MERGE, UPDATE au RETAIN. Wenye programu walijifunza kwamba kumwambia mtu awe makini hakutoshi, wakaweka kizuizi. Nasi katika ufundishaji wetu tungefuata mfano huo.

Kuna njia nyingine ya kurekebisha faili, nayo ni mbaya kwa kuwa mtu hajui kwamba anarekebisha. Namaanisha kufungua faili la CSV katika Excel "kuangalia tu," kisha kulihifadhi wakati wa kufunga. Misimbo ya mikoa yetu ina sifuri mbele: Dodoma ni 01, Dar es Salaam ni 07. Excel inaisoma kama namba na sifuri zinaanguka, hivyo msimbo wa kata ulioanza na 07 unaanza na 7, na siku ya kuunganisha faili hilo na jingine hakuna kinachokutana. Namba ya kitambulisho cha NIDA ina tarakimu 20, wakati Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba. Namba hiyo ikiwa imeandikwa bila vistari, tano za mwisho zinapotea, na haziwezi kurudishwa kwa ujanja wowote kama faili la kwanza halipo. Wanasayansi wa jeni wanaijua vizuri adha hii. Mwaka 2016 watafiti watatu, Mark Ziemann, Yotam Eren na Assam El-Osta, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba karibu moja ya tano ya makala zilizoambatanisha orodha za jeni katika Excel zilikuwa na majina ya jeni yaliyoharibika, mengine yakiwa yamegeuzwa tarehe. Jeni ikiitwa SEPT1, Excel ilidhani ni Septemba mosi. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikatangaza kwamba imeamua kubadilisha majina yenyewe. Fikirieni hilo: ilikuwa rahisi zaidi kubadilisha majina ya sayansi kuliko kuwafanya watu waache kuhifadhi juu ya data ya kwanza.

Najua baadhi yenu mtanijibu kwamba zamani hatukuwa na nafasi ya kutunza nakala nyingi. Kwa kweli zamani ndiyo iliyokuwa salama zaidi katika hili. Programu za takwimu zilipozaliwa, SPSS mwaka 1968 na SAS katika miaka hiyo hiyo ya 1960, data ilikaa kwenye kadi za kutoboa na tepu za sumaku. Juu ya tepu hukuweza kwa urahisi kurekebisha mstari mmoja katikati. Ulisoma tepu ya jana, ukasoma na masahihisho, ukaandika tepu mpya. Ya jana ikarudi rafuni ikiwa nzima. Wahudumu wa kompyuta waliziita babu, baba na mwana, na mwana akiharibika baba yupo. Uwezo wa kufunika data kwa kubofya mara moja ulikuja na diski. SAS imehifadhi kumbukumbu ya desturi ile: unaweza kuiagiza itunze vizazi kadhaa vya faili moja, kila linapoandikwa upya la zamani linabaki na namba yake. Na nafasi leo si hoja. Faili la utafiti wa kaya elfu chache huingia kwenye simu ya mwanafunzi mara mia.

Sitaki niwageuzie somo hili kuwa amri ya kukariri kwamba kurekebisha papo hapo ni dhambi. Kuna kazi zinazohitaji hivyo. Ukibadilisha lebo ya kigeu au muundo wa kuonyesha tarehe katika faili la mistari milioni kadhaa, hakuna sababu ya kunakili mistari yote. SAS ina utaratibu wa kugusa kichwa cha faili tu. Ukiongeza madodoso ya leo chini ya ya jana, huhitaji kuyasoma ya jana upya. Faili lenye faharasa na masharti ya uhalali, ukiliandika upya lote, unaweza kuvipoteza vitu hivyo. Ukilirekebisha ndani, vinabaki.

Mfano ninaoupenda zaidi ni mifumo ya ufuatiliaji wa watu kama ule wa Ifakara, unaofanya kazi tangu 1996, na ule wa Kilifi ulioanza mwaka 2000. Hapo wadadisi huzitembelea kaya zile zile tena na tena. Mtoto amezaliwa, mzee amefariki, binti ameolewa na kuhamia kijiji cha pili. Rejesta ya namna hiyo ni lazima ibadilishwe pale pale ilipo, maana ni kitu kinachoishi. Lakini tazameni inavyobadilishwa. Mzee aliyefariki hafutwi. Linaongezwa tukio la kifo lenye tarehe yake na duru ya ziara iliyolirekodi. Binti aliyehama anapewa tukio la kuhama na, kule alikofika, tukio la kuhamia. Rejesta inakua bila kusahau, na mtafiti anaweza kuuliza nani alikuwa anaishi katika kaya fulani siku yoyote iliyopita.

Watu wa majaribio ya dawa wana kanuni kali zaidi, na imewekwa kwa sababu maisha yako hatarini. Katika fomu ya karatasi, jibu lililokosewa hukatwa kwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka, jipya linaandikwa pembeni, na aliyesahihisha anaweka saini na tarehe. Wino wa kufutia ni marufuku. Kanuni za Marekani za mwaka 1997 kuhusu kumbukumbu za kielektroniki zilihamishia sharti hilo kwenye kompyuta: mabadiliko yasifiche kilichokuwa kimeandikwa mwanzo. SAS nayo inaweza kuwekewa faili la kumbukumbu linaloandika kila mstari ulioguswa, lini na kwa akaunti ya nani. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: kumbukumbu hiyo hufuata marekebisho ya papo hapo tu. Ukiliandika faili lote upya, haihifadhiwi. Kwa hiyo swali la kumfundisha mwanafunzi si "ipi ni salama, kurekebisha au kuandika upya," bali ni hili: baada ya nilichofanya, je, kilichokuwepo kabla kinaweza kuonekana bado?

Kwa tafiti za kawaida za vyuo vyetu, njia inayolijibu swali hilo ni faili la masahihisho. Naomba nilieleze kwa urefu, kwa sababu ndilo ninalolikosa zaidi katika mafaili ninayoyapokea.

Data inapotoka kwenye vishikwambi, inawekwa katika folda yake na faili linafungwa lisiandikike; Windows inaweza, SPSS yenyewe ina kitufe cha kazi hiyo. Tangu hapo hakuna mkono unaoligusa. Mwanafunzi akikuta mhojiwa mwenye umri wa miaka 212, hafungui data na kuandika 21. Anafungua jedwali jingine dogo na kuongeza mstari: namba ya kaya, namba ya mtu, jina la kigeu, thamani ya zamani 212, thamani mpya 21, sababu ya kubadilisha, jina la aliyeamua, tarehe. Kwenye sababu anaandika ukweli: kaya imepigiwa simu, au karatasi ya akiba imekaguliwa, au tumekisia. "Tumekisia" ni sababu halali ikiandikwa, na ni udanganyifu ikifichwa. Kisha programu inasoma data ya kwanza, inasoma jedwali la masahihisho, inayaunganisha na kutoa faili safi lenye jina lake.

Safu ya thamani ya zamani ndiyo wanafunzi hutaka kuiacha kwa kuona haina kazi. Ina kazi kubwa. Programu iandikwe ili, kabla ya kuweka 21, ihakikishe kwamba katika data ya kwanza kweli kuna 212. Ikikuta namba nyingine, isimame. Hapo ndipo mtu anagundua kwamba amekosea namba ya kaya, au kwamba ameletewa toleo jipya la data ambalo wadadisi walikwisha kulisahihisha. Katika Stata amri ya assert inatosha. Wanaounganisha kwa merge wakiruhusu thamani mpya zifunike za zamani, Stata huwaachia alama kwa kila mstari: 4 palipokuwa wazi pakajazwa, 5 palipokuwa na majibu mawili yanayopingana. Mwanafunzi ahesabu alama hizo za 4 na 5 zote na alinganishe na idadi ya masahihisho aliyoyaandika.

Kuna mitego miwili ndani ya njia hii, nayo ifundishwe. Amri ya UPDATE ya SAS, kwa kawaida yake, ikikuta pengo katika faili la masahihisho hudhani huna la kubadilisha, ikaiacha thamani ya zamani. Ni tabia njema, lakini ukitaka kuondoa jibu la uongo libaki wazi, pengo halitoshi. Ni lazima uagize hivyo bayana. Mtego wa pili ni namba za kaya zinazojirudia. Kaya mbili zikiwa na namba moja, sahihisho litaifikia ya kwanza tu, na ya pili itabaki na kosa lake; SAS huandika onyo katika taarifa ya kazi, lakini kazi haisimami. Kwa hiyo kuhakiki kwamba kila namba ni ya pekee kunatangulia kila kitu.

Wanaotumia CSPro, programu ya Ofisi ya Sensa ya Marekani inayotumika sana katika sensa na tafiti barani kwetu, tayari wana mfano mezani. Hatua yake ya kusafisha kwa mkupuo husoma faili la kuingia na kuandika marekebisho katika faili la kutoka, ikatoa na orodha ya yaliyobadilishwa. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Hakuna anayeweza kuamini usafishaji wa madodoso ya watu wengi kiasi hicho kama hawezi kuonyeshwa idadi ya majibu yaliyobadilishwa na kanuni iliyoyabadilisha. Tasnifu ya kaya 300 inastahili heshima hiyo hiyo.

Wasimamizi wa tasnifu, sehemu hii ni yenu. Mwaka 2013 mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, pamoja na walimu wake Michael Ash na Robert Pollin, walionyesha kwamba makala ya mwaka 2010 ya Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi ilikuwa na kasoro. Fomula moja katika Excel iliziacha nje nchi tano, na kulikuwa na masuala mengine ya uchaguzi na uzito wa data. Wastani wa ukuaji kwa nchi zenye deni kubwa, uliotajwa kuwa hasi 0.1 kwa mia, kwa hesabu yao ulikuwa 2.2. Makala ile ilikuwa imetajwa sana katika mijadala ya kubana matumizi ya serikali. Herndon aliweza kuliona kosa kwa sababu waandishi walikubali kumpa faili lenyewe la kazi. Jiulizeni, katika tasnifu mlizozipitisha mwaka jana, ni ngapi ambazo mwanafunzi mwingine angepewa faili akaweza kuifuata njia yote, kutoka jibu la mhojiwa hadi namba iliyo kwenye jedwali?

Mtakutana pia na swali la sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mhojiwa ana haki ya kutaka taarifa zake zisahihishwe, na katika hali fulani zifutwe. Basi kuna siku faili la kwanza litalazimika kuguswa, na mwanafunzi asifundishwe kwamba ni mwiko usio na mlango. Majina na namba za simu zikae katika faili lao, mbali na majibu, zikiunganishwa na namba tu. Mhojiwa akijitoa, afutwe kweli, kila mahali, hata katika nakala za akiba, na iandikwe kwamba mstari mmoja umeondolewa tarehe fulani kwa ombi la mwenyewe, bila kumtaja. Huko ni kufuta kwa haki, nako kunaacha kumbukumbu ya tendo bila kuacha data ya mtu.

Walimu wangu, siombi mtaala mpya wala fedha za wafadhili. Naomba mambo ambayo kila idara inaweza kuyaamua katika kikao kimoja. Zoezi la kwanza la darasa liwe kuendesha programu ile ile mara mbili na kuonyesha kwamba matokeo hayakubadilika. Mazoezi yenye kuhifadhi juu ya data ya kuingia yasipewe alama, hata kama jibu la mwisho ni sahihi. Na tasnifu yoyote yenye namba ikabidhiwe pamoja na data ya kwanza iliyofungwa, jedwali la masahihisho na programu. Siku ya utetezi, mtu asiye mwanafunzi aiendeshe programu hiyo kwenye kompyuta nyingine, mbele ya jopo, na jedwali kuu la tasnifu litoke lilivyo. Lisipotoka, utetezi uahirishwe.

Anzeni na kundi linaloingia mwaka huu wa masomo.

Wenu katika kazi,
Mtunza data, Dar es Salaam